Muuzaji akiuvuta ukakaba, bado hajakuonyesha kitu: mwongozo wa kununua mkanda wa siti

Meseji za mikanda zimezidi jamani, na zote ni hadithi ileile. Mtu kanunua mkanda mtumba, muuzaji kauvuta mbele yake kwa nguvu, kraa, umekaba, "umeona boss, mzima huu", kalipa kaondoka. Mmoja taa ya eabegi inawaka mpaka leo, mwingine taa imezima vizuri tu ila fundi wake alivyofungua plastiki akakuta kirezista, kile kidude kidogo cha kuzuia umeme, kimechomekwa kwenye plagi ya mkanda. Huyo aliyechomeka kirezista ndiye aliyenikasirisha zaidi, ntamrudia.

Sitaongelea rangi, wala urefu, wala kama plastiki zinaendana na gari lako, una macho. Naongelea mashine yenyewe, ile inayokaa chini ya nguzo ya mlango na kuurudisha mkanda ndani, kwa sababu hapo ndipo watu wanapigwa.

Kwanza hilo la kuvuta. Ndani ya mashine kuna roli na springi, na kuna vitu viwili vya kukaba ambavyo kwenye mashine nyingi havihitaji umeme hata kidogo. Kimoja kinasikia utepe, yaani kitambaa chenyewe cha mkanda, ukitoka kwa ghafla. Cha pili ni gololi ndogo iliyokaa kwenye kikombe chake, gari likifunga breki za nguvu au likilala upande ile gololi inapanda, inainua kipingo, kipingo kinanasa kwenye meno ya roli. Muuzaji anapouvuta kwa mbwembwe kapima kile cha kwanza tu. Cha pili unakipima hivi: ishike mashine kwa mkao uleule inavyokaa kwenye gari, vuta utepe polepole utoke, halafu iinamishe. Kanuni ya kimataifa ya mikanda, ile R16 ya Umoja wa Mataifa, inataka isikabe ikiinamishwa nyuzi 12 au chini ya hapo, na kwa mikanda ya gari dogo la kawaida iwe imekaba ikipita nyuzi 27. Ndio maana ukichukua ya gari lingine au ya upande mwingine, hata kama matundu ya bolti yanaingia, inaweza kukaba muda wote na wewe umekaa tu umeegesha. Sio mbovu hiyo, imekaa kwenye nguzo ambayo sio yake.

Sasa umeme. Mwaka 1981 Mercedes-Benz walileta kwenye S-Class mkanda wenye baruti, gari likigonga kompyuta ya eabegi inatuma umeme, baruti inalipuka ndani ya kijibomba na roli inazungushwa nyuma, mkanda unavutwa ndani sentimita kadhaa, yote hayo ndani ya milisekunde 10 hadi 15 hivi, kabla hata mwili wako haujaanza kwenda mbele vizuri. Ni ya mara moja tu, ikishalipuka imeisha. Mwaka 2002 hao hao wakaja na PRE-SAFE, na Toyota na Honda wakafuata na za kwao 2003: hapa kuna mota ya umeme kwenye roli. Mota haina mbio za baruti, ndio maana inaanza mapema, gari likihisi breki ya dharura au tairi zinateleza inakukaza kwenye siti, na kama ajali haikutokea inakuachia na maisha yanaendelea. Kuna magari mkanda unakubana kidogo ukishaanza kuondoka halafu unalegea, hiyo ndio mota inakusalimia.

Kuna na aina nyingine ambayo kukaba kwenyewe kunaendeshwa na koili ya sumaku badala ya gololi, hasa pale mashine ilipowekwa ndani ya mgongo wa siti, maana ukilaza siti gololi ingechanganyikiwa. Hizo nyingi zimetengenezwa hivi kwamba umeme ukikosekana kipingo kinaangukia upande wa kukaba. Kwa hiyo ukiikuta mezani kwa muuzaji haivutiki kabisa usiitupe haraka, na ukiikuta inavutika laini bila umeme wowote, jiulize vizuri.

Haya, sasa kile kitu ambacho karibu hakuna mtu anakiangalia. Kifimbo. Katikati ya roli kuna kifimbo cha chuma, na kazi yake ni kujisokota. Ukigonga, roli imekaba, kifua chako kinasukuma mkanda, nguvu ikifika kiwango fulani, mara nyingi kati ya kilonewton 4 na 6 (hiyo 4 tu ni kama uzito wa kilo 400), kifimbo kinaanza kujisokota na mkanda unatoka kidogo kidogo ili usikuvunje mbavu. Kwenye magari mazuri zaidi kompyuta inachagua kiwango, mtu mwepesi nguvu ndogo, mtu mzito au ajali kubwa nguvu kubwa. Volvo walitangaza 2025 kwamba mkanda wa gari lao EX60 utakuwa na viwango 11 badala ya 3 walivyokuwa navyo.

Chuma kilichosokotwa hakijisokotoi kurudi. Na mashine yenye kifimbo kilichokwisha kutumika inavutika kama kawaida, inarudi kama kawaida, inakaba kama kawaida!! Zile zenye baruti yake mwenyewe angalau zikilipuka nyingi zinakwama au zinakuwa nzito, zinajisema. Lakini kuna magari baruti ipo kwenye kifungio pale pembeni ya siti na sio kwenye mashine, na kuna mikanda ya nyuma yenye kifimbo bila baruti kabisa. Hizo zinatolewa kwenye gari lililogongwa, zinafutwa vumbi, zinawekwa mezani, na hakuna kompyuta ya kupimia itakayokwambia kitu, kwa sababu kifimbo hakina waya.

Dalili zipo lakini uzitafute. Vuta utepe WOTE mpaka mwisho, sio robo. Angalia sehemu inayopita kwenye kitanzi cha juu cha nguzo na sehemu inayopita kwenye chuma cha kuchomeka, ukiona mstari unaong'aa kama nailoni imeyeyuka, au utepe una mawimbi haulali sawa, huo ulishabeba mtu. Kagua na plastiki ya kile chuma na ya kitanzi, mikwaruzo yenye mifereji inatoka kwenye nguvu kubwa sio kwenye kuvaa kila siku. Muuzaji akikwambia utepe ni mpya wamebadilisha, ndio ukimbie kabisa, kwa nini mtu abadilishe utepe wa mashine nzima?

Mpangilio wangu sasa.

Wa kwanza ni mpya, ulioagizwa kwa namba ya chesisi ya gari lako. Najua bei inauma, nimeshalalamika sana kuhusu bei za spea za usalama na ntaendelea, mkanda mmoja unauzwa kama wameufuma kwa dhahabu. Lakini kompyuta ya gari imepangwa kwa mashine ile ile, kifimbo kile kile. Na mashine yenye mota mara nyingi ina kompyuta yake ndogo pembeni ambayo lazima itambulishwe kwenye gari, bila hivyo ni roli ghali tu.

Na hapa niseme wazi, mimi ni mtu wa Autoliv. Gari nyingi hutengenezewa mikanda na kampuni za nje, Autoliv ni mojawapo, na nikikuta lebo ya Autoliv mwishoni mwa utepe roho inatulia. Ni Waswidi, walianzia karakana ya magari kule Vårgårda 1953 na miaka michache baadaye wakaingia kwenye mikanda, nchi ile ile ambayo Nils Bohlin wa Volvo alitoa mkanda wa nukta tatu, huu tunaovaa leo wa begani na kiunoni, 1959. ZF wa Ujerumani nao wazuri sina neno. Wengine mtanikumbusha Takata wa Japani alikuwa mkubwa pia, ndio, na 1995 kule Marekani magari zaidi ya milioni 8 yaliitwa kwa sababu ya vifungio vyake, plastiki ya kitufe ilikuwa inamong'onyoka. Kwa hiyo lebo soma, na tarehe iliyoandikwa pale soma pia, ikipishana sana na mwaka wa gari uliza.

Wa pili ni mtumba kutoka gari la aina hiyo hiyo, mwaka huo huo, upande huo huo, na gari lenyewe ulione au uone picha zake, liwe limekufa injini au limegongwa nyuma kidogo. Plagi zifanane idadi ya pini. Wa siti ya abiria uvute wote nje halafu uachie, kama wako wa zamani ulikuwa unarudi kwa mlio wa tik tik tik bila kukubali kutoka tena, na huo ufanye hivyo, hiyo ni ya kukaza kiti cha mtoto, wa dereva mara nyingi hauna.

Wa tatu, wale wanaokurudishia mashine yako wamejaza baruti upya. Sipendi. Baruti wamejaza, kifimbo je?

Mikanda ya "inaingia gari zote" sina maneno nayo, haina baruti wala mota wala waya, pita.

Sasa yule wa rezista. Kijibomba cha baruti kina ukinzani mdogo, omu 2 hivi, kompyuta ikiuona inaridhika na kuzima taa. Kwa hiyo mtu anaweka rezista ya thamani hiyo, taa inazima, anachukua hela yako, na siku ya ajali umeme unaenda kupasha moto kirezista. Na ukirudi anakujibu "si taa imezima?" Huyu mtu anajua kabisa anachofanya, na ana wateja foleni. Ukishafungiwa mkanda sema unataka kuiona plagi kabla plastiki haijarudi, ya njano mara nyingi, iwe imeingia kwenye mashine yenyewe. Fundi akinuna anune.

Na wewe unayetaka kujifungia mwenyewe, toa betri kwanza, subiri dakika zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari, ndipo uchomoe hiyo plagi. Na usichomeke mita ya kawaida kupima kijibomba, umeme wa mita unaweza kutosha kukilipua ukiwa umekishika.