Vitabu vya msuko wa hadithi: ununue kipi kwanza?

Hapa Bagamoyo, ukikaa na vijana wa TaSUBa, chuo cha sanaa, wanaoandika filamu, hukawii kusikia ugonjwa uleule: mwanzo upo, mwisho upo, katikati hamna kitu. Vitabu vya kuutibu ni vingi, ila vinavyotajwa sana ni vya Kiingereza na bei yake inauma. Mwenye hela ya kimoja asibahatishe.

Kwa mwandishi wa filamu, namba moja ni Screenplay cha Syd Field, kilichotoka 1979. Lugha yake nyepesi, na hesabu yake inashikika: ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja ya filamu. Kurasa 120 anazigawa: robo ya kutambulisha watu na shida yao, nusu ya kupambana nayo, robo ya kumalizia, na kila mpakani pawe na tukio la kuigeuza hadithi. Nilipoipima hivyo skripti yangu ya mvuvi anayeuza mashua ya marehemu baba yake, nilikuta mashua inauzwa ukurasa wa 41. Kabla ya hapo watu wanapiga hodi, wanakaribishwa, shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, chai inaletwa. Heshima imetimia, filamu haijaanza. Nilikata mpaka mashua ikauzwa ukurasa wa 26. Hakuna kitabu kingine kilichonifaa upesi namna hiyo.

Mwandishi wa riwaya asianzie hapo. Achukue Save the Cat! Writes a Novel cha Jessica Brody (2018). Brody aliuchukua mpango wa filamu wa Blake Snyder akauhamishia kwenye riwaya: vituo 15, kila kimoja na mahali pake. Tukio la kuvuruga maisha ya mhusika liwe limefika kwenye asilimia 10 hivi, na karibu na asilimia 75 kila kitu kionekane kimeharibika. Wapo wanaolalamika kwamba hadithi zitafanana. Mbona hakuna aliyemlalamikia bibi kwa kuanza na “Paukwa!” kila usiku? Angalia tu jina lote kwenye jalada, maana kile cha Snyder cha 2005, Save the Cat!, ni cha filamu.

Namba tatu nampa John Truby, The Anatomy of Story (2007). Ana hatua 22, na anaanza na udhaifu wa mhusika na kile anachokihitaji bila mwenyewe kujijua. Ni dawa ya hadithi yenye matukio tele lakini mhusika gogo. Kinasomwa polepole.

Anayeandika tamthilia ya runinga, kwake Into the Woods cha John Yorke (2013) kimtangulie Truby. Yorke amefanya kazi kwenye EastEnders, tamthilia ndefu ya BBC, kwa hiyo kuendeleza kisa wiki hadi wiki anakujua kwa vitendo.

The Writer's Journey cha Christopher Vogler, chenye hatua 12 za safari ya shujaa (anaondoka kwao, anapambana, anarudi amebadilika), azima tu. Kisa cha wake wenza wanaogombea jiko ukikilazimisha kiwe safari ya shujaa utajichosha bure.

Story cha Robert McKee (1997) nimekiweka mwisho, ingawa ndicho kinachosifiwa zaidi. Kina kurasa zaidi ya 400. Nilikinunua cha kwanza kabisa kwa kufuata sifa, nikaishia kukiegemeza dirishani kusi isilipigize. Nilikirudia nikiwa na skripti mbili zilizokamilika, ndipo nikaelewa anavyoeleza pengo kati ya anachotarajia mhusika na kinachomkuta. Asiye na mswada uliokamilika atayasoma hayo kama mahubiri.

Ukienda Dar, pita kwanza kwenye mitumba ya vitabu inayopangwa kando ya barabara pale Posta. Toleo la zamani halina neno. Ila fungua kitabu palepale ukague namba za kurasa kabla hujatoa hela. Truby wangu wa mtumba anaruka kurasa 16 katikati, na niligundua nikiwa nimeshafika nyumbani.