WhatsApp Business kwa sisi tunaouza mitumba tukiwa nyumbani

Jamani kwa wale mnaouza nguo mtandaoni huku mzigo umejaa chumbani, hii app ipakueni, ni bure na inakaa simu moja na WhatsApp ya kawaida ila inataka namba yake. Mimi nauza magauni ya mtumba, nachagua soko la Karume, Dar, asubuhi wakifungua belo, nafua, napiga pasi, napiga picha karibu na dirisha, napost.

Kinachonifurahisha zaidi ni katalogi. Status inapotea baada ya masaa 24 lakini katalogi ipo tu, mteja anajionea picha na bei, saizi unaiandika pale kwenye maelezo, basi zile "bei gani dear" zinapungua (haziishi lakini!). Lebo nazo tamu, aliyelipa rangi yake, wa "niwekee mpaka mwisho wa mwezi" rangi yake, na hao ndo wengi. Majibu ya haraka unaandika mara moja lipa namba na nauli ya boda, mtu akiuliza unabonyeza mkwaju (/) unachagua, imeenda.

Sasa mtumba pisi ni moja moja, ikiuzwa uifiche mwenyewe kwenye katalogi, usipofanya hivyo watu watatu wanagombania gauni moja na wote wananuna. Na screenshot ya muamala siyo hela, we cheki salio kwanza ndo umpe boda mzigo, wa mikoani wanaotumiwa kwa basi hivyohivyo.

Nyota 4.