Deo hadi kwenye wali wa nazi: uzoefu wangu na simulizi ya buku mbili

"Deopofika mahDeo pale, Deokuta mlango uko wazi."

Hiyo ni sentensi ya ukurasa wa tatu wa simulizi ya kutisha niliyoinunua juzi kati kwenye grupu moja la WhatsApp kwa shilingi 2,000. Kwanza nilidhani simu yangu ndiyo mbovu. Nikashuka chini kidogo: "Deo Deokula wDeo wa nazi." Chini zaidi wakamkimbiza mtu "hospitDeo ya serikDeo", na daktari akaona "dDeoli za sumu".

Kama hujang'amua, mhusika kwenye andiko la kwanza aliitwa Ali. Mtu kaichukua hadithi ya mwenzake, kaingia kwenye kutafuta na kubadilisha, kaandika toa Ali weka Deo, kabonyeza badilisha zote. Pale pana viboksi viwili, kimoja cha kuzingatia herufi kubwa na ndogo, kingine cha neno zima tu. Hakugusa hata kimoja. Na Kiswahili hakisamehe kosa hilo, maana kila mtu aliyefanya jambo jana ana ali- mbele ya kitendo chake. Ongeza mali, swali, mbali, ghali, halisi. Ukurasa mmoja niliuhesabu nikapata Deo 37. Maana yake aliyeuza hajaufungua huo ukurasa hata kwa kupitia juu juu, na bado anayeuza ni yeye.

Jina la simulizi silitaji, kwa sababu hata hilo jina nina hakika si lake.

Nilimwandikia muuzaji. Kabla ya malipo nilikuwa "bosi wangu", na kila ujumbe ulijibiwa ndani ya dakika mbili. Baada ya malipo tiki zikawa bluu, kimya, kisha likaja jibu: "Wenzako wamesoma hawajalalamika. Buku mbili unataka na mhariri?" Nikamtumia picha ya ule ukurasa wa wali. Akajibu kwamba msimu wa pili upo, 3,000. Nilipouliza mwandishi ni nani, akanibloku.

Sasa kuna watakaosema si kitu, unaelewa tu, soma uende. Kwenye hadithi ya mapenzi labda. Hii ni ya upelelezi iliyochanganywa na majini, na kwenye upelelezi jina ni ushahidi. Tangu Muhammed Said Abdulla alipomleta mpelelezi Bwana Msa na kiko chake kitabuni mwaka 1960, msomaji wa Kiswahili amezoeshwa kwamba kitu kidogo kilichotajwa mapema kitarudi kudai haki yake. Humu maiti inaokotwa ikiwa imekamata kitambaa kilichodariziwa herufi A. Mpelelezi anakitazama, anasema herufi hii inatosha. Basi unasubiri mtu wa A. Kuna Mwanaidi, kuna Mzee Kombo, kuna Rehema, kuna huyo Deo mfiwa. Sehemu ya kumi hakuna A. Ya ishirini hakuna. Unaanza kufikiri mwandishi ni fundi sana, anamficha mwenye A mpaka mwisho. Kumbe mwizi kamfuta.

Na hajaishia kwenye jina la mtu. Mji nao kaubadilisha: Tanga imekuwa Mbeya. Utajuaje? Kuna mtu "anaMbeyaMbeya" mitaani bila kazi, na redioni kunasomwa "maMbeyazo ya vifo". Hilo ningecheka likaisha. Lakini Mbeya hii ina ngalawa zinazorudi alfajiri, ina kupwa na kujaa, ina bamvua, zile siku za kujaa na kupwa kukubwa! Hata ukimtetea kwamba mkoa unafika Ziwa Nyasa kule Kyela, ziwa halipwi likaacha maiti mchangani. Na kupwa huko ndiko uti wa mgongo wa upelelezi wenyewe. Maiti imekutwa juu ya mchanga mkavu, nguo zimelowa, usiku ni wa bamvua. Kutoka maji kujaa hadi kupwa ni kama saa sita, kwa hiyo mpelelezi anarudisha hesabu nyuma na kupata ni saa ngapi maji yaliiacha pale, na nani wakati huo alidai alikuwa amelala. Hesabu safi kabisa, mtu wa pwani ataifuata kwa vidole. Halafu unaambiwa ni Mbeya.

Ndiyo maana nasema nimeibiwa mara mbili. Mwandishi naye kaibiwa mara moja, ila yake ni kubwa kuliko zangu zote.

Haya, kama nawe umeuziwa faili la namna hii usilifute, linatibika kiasi. Nakili maandishi yote uyaweke kwenye programu yoyote ya kuandikia yenye kutafuta na kubadilisha. Tafuta Deo, weka ali, na hapa weka tiki kwenye kuzingatia herufi kubwa na ndogo. Mimi mara ya kwanza sikuweka, nikiwa na hasira, na "video" zote zikageuka "viali". Sehemu ya 22 polisi wanakaa chini kuangalia viali vya kamera ya dukani. Ukiweka tiki, video inapona kwa sababu deo yake ni ndogo. Sentensi zitaanza kwa herufi ndogo, na Ali mwenyewe atakuwa ali, vumilia. Kisha Mbeya uirudishe tanga kwa mtindo huohuo. Fanya kwenye nakala, faili la awali liache kama lilivyo, kwa sababu ukikosea pia unapoteza ushahidi wako.

Dawa hii inafanya kazi kwenye maandishi tu. Faili likiwa ni picha za kurasa, hakuna cha kunakili. Kutofautisha ni rahisi hata kabla ya kulipia: muulize faili lina MB ngapi. Maandishi matupu ya kurasa 130 kwa kawaida hayafiki hata MB 2 au 3. Ukiambiwa 40, hizo ni picha, zitakula bando na hutaweza kutafuta neno ndani yake.

Swali la pili ni kurasa. Wauzaji wanapenda kutaja sehemu, "sehemu 60 full", kwa sababu sehemu haina kipimo. Piga hesabu mwenyewe. Sehemu ya kawaida ni kama maneno 1,000. Ukurasa wa A4 wenye herufi za ukubwa wa 12 hubeba maneno 450 hivi. Sehemu 60 basi zitoe kurasa 130 na kitu. Langu lilikuwa na 88. Nilipotafuta "Sehemu ya" moja baada ya nyingine nikakuta ya 31 hadi 36 hazipo, na ya 40 imewekwa mara mbili. Hii hutokea kwa sababu wanaokota vipande Facebook, mwandishi alikokuwa akiweka bure kimoja kila jioni kuwavuta wasomaji. Asiyeingia siku sita amekosa sita. Alama zimebaki humohumo: katikati ya tukio la makaburini, jini limesimama mlangoni, unakutana na "usikose kesho saa mbili usiku, toa maoni yako".

Mwisho ndio huharibika kuliko kote, na sababu ni hiyohiyo. Mwandishi anayejua biashara yake hutoa bure robo tatu, sehemu za mwisho anaziuza. Mwizi hana za mwisho, basi anatunga zake. Ukurasa na nusu, watu watano wanakufa kwenye ajali ya gari ambalo halikuwahi kutajwa, kisha Deo anaamka, kumbe ndoto. Ukitaka kumkamata mapema, usimwombe picha ya ukurasa wa kwanza, huo anao kila muuzaji na umesafishwa. Omba wa katikati, kisha omba wa kabla ya mwisho. Akikwambia "utajiharibia utamu", funga pochi.

La kusomea nalo: A4 kwenye simu ndogo inakulazimisha kuvuta kushoto na kulia kila mstari, na hofu haivumilii kuvutwa. Uliza kama ana Word au EPUB, maandishi yajipange kwa upana wa kioo. Na ukipakua, lihamishie kwenye folda yako nje ya WhatsApp siku hiyohiyo. Lisilopakuliwa kwa muda mrefu linaweza kukataa kufunguka mpaka aliyetuma alitume tena, na aliyetuma ndiye aliyekubloku.

Najua kuna wanaosema ya nini yote haya, nenda kwenye vitabu vya mitumba, riwaya ya upelelezi kwa bei ya chipsi. Kweli, ila huko nako sharti ufungue nyuma kwanza, maana gundi ikikauka linachomoka fungu zima la kurasa, na fungu la mwisho ndilo lenye muuaji. Na za Kiswahili za zamani ndizo adimu kuliko zote. Kwa mwenye buku mbili mfukoni, simulizi za simu ndizo zilizoshika nafasi ya zile hadithi za magazeti pendwa za "itaendelea wiki ijayo". Kwa hiyo siwezi kusema msinunue. Nilianza kuandika hapa nikitaka kusema hivyo.

Kwa sababu, na hili linaniuma, nilipomaliza kurudisha majina nilisoma upya kuanzia mwanzo na usingizi ukakata. Ali akirudi, kile kitambaa kinamwangukia yeye, mume wa marehemu, moja kwa moja. Moja kwa moja mno. Mwandishi anayejua hesabu ya maji hawezi kuacha herufi wazi namna hiyo bila sababu. A ile imewekwa pale ili tumtazame Ali tusimtazame mwingine. Na kuna jenereta ya gesti wanamolala, inayozima kila saa nane usiku, na nyayo saba korido, tena saba tu, hazifiki nane hata siku moja. Nikarudi nikazihesabu kwenye kila tukio: chumba cha Ali kiko hatua kumi na mbili kutoka ngazini, cha Rehema hatua saba. Limesemwa mara moja tu, sehemu ya 4, kwenye maelezo ya kufagia. Huyo ni mwandishi. Yule wa ndoto si yeye.

Kwa hiyo alama ngapi? Huduma sifuri, na ningeweza ningetoa chini ya hapo. Hadithi nne kati ya tano, na ya tano naizuia kwa sababu sijui mwisho. Mpaka juzi nilikuwa nimeamua kumripoti muuzaji na kuishia hapo. Bado nitamripoti, lakini mwenye kesi hasa ni mwandishi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, wanasajili kazi za maandishi. Ushahidi upo mwingi kuliko anavyodhani, kila Deo ni alama ya kidole.

Kama ni wewe uliyeandika ile ya Tanga, ya maiti ya bamvua na kitambaa chenye A, weka namba yako hapa chini. Faili la wali wa nazi ninalo, nitakutumia lote kama lilivyo. Buku mbili yako nimeitenga, na msimu wa pili nitalipia kwako. Ila nijibu hili moja kwanza: jenereta aliizima Rehema, au kuna mtu mwingine wa hatua saba?