HC-SR04 kwenye Raspberry Pi: sensa ya bei ndogo inayotaka uvumilivu

HC-SR04 ni ile sensa ya macho mawili iliyojaa kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki. Jicho moja hutoa sauti ya kilohezi 40, ambayo sikio halisikii, la pili hupokea mwangwi wake. Inatangazwa kupima umbali wa sentimita 2 hadi 400. Kwa bei yake inafaa kununuliwa, ila ukiichomeka kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi hivihivi namba zitarukaruka, na mara nyingi kosa si la sensa.

Umeme kwanza. Sensa hutumia volti 5, na pini yake ya Echo hutoa volti 5 hizohizo, wakati pini za Pi zinahimili 3.3 tu. Weka rezista ya kilo-omu 1 kati ya Echo na pini ya Pi, kisha ya kilo-omu 2 kutoka pini hiyo kwenda GND (upande hasi wa umeme). Trig, pini inayoiamuru sensa ipime, haihitaji chochote. Toleo la HC-SR04P hukubali volti 3.3 na kukuondolea kazi hiyo yote, ukilikuta, lichukue. Kapasita ya maikrofaradi 100 kati ya VCC (pini ya kuingizia umeme) na GND, karibu kabisa na sensa, husaidia hasa mota zikiwa kwenye umeme huohuo.

Kinachosumbua zaidi ni muda. Kila sentimita moja ni maikrosekunde 58 za mwangwi, kwenda na kurudi. Linux huendesha programu nyingi kwa zamu, kwa hiyo programu yako ya Python ikicheleweshwa milisekunde moja tu, kipimo kinakosea kwa sentimita 17. Ndiyo maana kitu kisichosogea kinasoma 52, 53, halafu 70. Pigpio, maktaba ya programu ya kuendesha pini za Pi, hupunguza sana tatizo hili, kwani yenyewe huweka alama ya muda kwa kila badiliko la pini, lakini haifanyi kazi kwenye Pi 5. Huko, kiachie kibao kidogo kisichoendesha Linux, kama Pico au Arduino, kazi ya kupima, Pi ipokee namba kwa USB.

Usichukue wastani. Hiyo 70 moja itavuta vipimo vyote. Pima mara 9, vipange kwa ukubwa, chukua cha katikati, na uache angalau milisekunde 60 kati ya kipimo na kipimo ili mwangwi wa zamani ufifie. Maktaba ya gpiozero hufanya hivyo yenyewe, ila ukomo wake wa kawaida ni mita 1: kitu kikiwa mbali zaidi, bado itakuandikia 1. Badilisha max_distance kabla ya kuilaumu sensa.

Joto nalo lina sehemu yake. Ukitumia kasi ya mita 343 kwa sekunde, ambayo ni ya nyuzi 20, kwenye nyuzi 32 za Dar es Salaam kitu kilicho mita 2 kitasomeka pungufu kwa zaidi ya sentimita 4. Kasi sahihi ni 331.3 jumlisha 0.606 mara nyuzi joto.

Pazia, sponji na ukuta ulioinama havirudishi mwangwi wa maana, na hapo hakuna programu itakayokuokoa. Kwa tangi la maji, mvuke huiharibu HC-SR04. Nunua JSN-SR04T isiyopitisha maji, na uifunge zaidi ya sentimita 25 juu ya usawa wa maji tangi likiwa limejaa, maana karibu zaidi ya hapo haisomi.