Wolfwalkers: kwenye staili, hii ndo naiweka juu

Sisi tunaosomea animesheni ukitaja staili tu wote tunakimbilia Spider-Verse, ile muvi ya katuni ya Spider-Man, na simlaumu mtu, hata mimi ntaigusa huko mbele, ila muvi ninayoiweka juu kabisa kwa upande huo ni Wolfwalkers ya 2020, ya studio ya Cartoon Saloon ya Ayalandi, waongozaji ni Tomm Moore na Ross Stewart. Ni 2D, yaani michoro bapa, imechorwa kwa mkono, na mistari yenyewe ndo inasimulia. Ntajaribu kueleza kwa mifano maana "ina picha nzuri" kila mtu anasema na haimsaidii anayetaka kujua aangalie nini.

Stori ni fupi. Mwaka 1650, mji wa Kilkenny, binti anaitwa Robyn, katoka Uingereza na baba yake ambaye kazi yake ni kuwinda mbwa mwitu, na mtawala wa mji, wanamwita Lord Protector, anataka msitu ufyekwe na mbwa mwitu wote waishe. Robyn anakutana na Mebh, mtoto wa msituni ambaye akilala tu roho inatoka inakuwa mbwa mwitu. Basi, mengine kaangalie mwenyewe.

Sasa tazama mji ulivyochorwa. Mistari minene, imenyooka, kona kali, kama zile picha za zamani zilizochongwa kwenye ubao wa mti zikapakwa wino na kupigwa chapa. Kina hakuna, nyumba zimelazwa bapa zimepandana kama vile uko juu unaangalia ramani, kuta na barabara na ngome vyote vimebanana, yaani Robyn akisimama hapo katikati unaona kabisa hana pa kutokea na bado hajasema hata neno. Rangi ni kijivu kijivu tu. Halafu anaingia msituni na kila kitu kinalegea, rangi za maji zinaingiliana, majani ya rangi ya chungwa na kijani, miti imejikunja, mistari inakuwa ya penseli, miepesi, haijafungwa vizuri. Na hapa ndo wamenimaliza kabisa, wameiacha mistari ya kujengea umbo! Ile miduara na mikunjo ya mwanzo unayochora ukiwa bado unatafuta kichwa kikae wapi na mgongo upinde vipi, ambayo kwa kawaida mchoro ukifika kwa mtu wa kusafisha anaifuta yote, kwenye Mebh na wale mbwa mwitu imebaki, unaiona kabisa inapita ndani ya mwili wakati wanakimbia. Mtu ambaye hajawahi kushika penseli hatojua ile ni nini lakini atahisi hawa viumbe hawashikiki, na mimi naona huo ni uamuzi wa kijasiri sana kwa sababu kuacha mistari mibichi kwenye muvi nzima si uvivu, lazima mistari hiyo ikae vizuri fremu hadi fremu, yaani picha moja moja zinazopita haraka kuleta mwendo, la sivyo inacheza cheza mpaka macho yanauma.

Na Robyn naye anabadilika. Mwanzoni anachorwa kimji, kwa kona na mistari migumu, na kadiri anavyozidi kuwa mtu wa msitu mistari yake inalegea pamoja naye. Pause kile kipande anachofanyishwa kazi za jikoni kwenye ngome na nguo ile ya kijivu, halafu ruka mpaka anakimbia na mbwa mwitu, weka hizo fremu mbili pamoja, utadhani zimechorwa na watu wawili tofauti ila bado ni Robyn yule yule, uso haujapotea. Jaribu kufanya hivyo kwa mhusika wako mwenyewe ndo utajua ugumu wake.

Kingine ni jinsi mbwa mwitu anavyouona ulimwengu. Robyn akigeuka mbwa mwitu mara ya kwanza picha nzima inapoteza rangi, harufu tu ndo zenye rangi, zinaelea kama moshi unaoufuata, na kamera inapasua katikati ya miti kwa kasi ambayo 2D ya kawaida haiwezi kirahisi. Walijenga mazingira kwa 3D, yaani kwa kompyuta yakiwa na kina, kwanza wapate mwendo wa kamera, kisha wakachora juu yake kwa mkaa na penseli kwenye karatasi, fremu moja moja. Ndo maana inatetemeka vile, ule mtetemo ni wa karatasi kweli. Kama kipande hicho kimekugusa basi tafuta pia The Tale of the Princess Kaguya ya 2013, ya Isao Takahata, pale binti anapotoroka kwenye jumba anakimbia huku nguo zinamvuka, michoro inakuwa mikwaruzo mitupu na bado hasira yake unaiona wazi.

Haya turudi kwa Spider-Man: Into the Spider-Verse ya 2018. Kinachonikera ni kwamba watu wengi wakiisifia wanasifia vidoti vya uchapaji, kama vya vitabu vya katuni vya zamani, na zile rangi zilizohama kidogo pembeni, na ni kweli vinapendeza, wametumia kuhama kwa rangi badala ya ule ukungu wa kawaida wa kamera, ila kilicho kikubwa mle ni fremu. Kwenye ule msitu Miles, kijana anayejifunza kuwa Spider-Man, anapojifunza kurukaruka na utando na Peter, Spider-Man mzoefu, Peter anapata mkao mpya kila fremu, fremu 24 kwa sekunde, Miles kila mkao wake unakaa fremu mbili, yaani mikao 12 kwa sekunde, wote ndani ya shoti moja, kwa hiyo Miles anaonekana anakwamakwama kwa sababu hajajua bado. Baadae akijiamini naye anakuwa laini. Hiyo ni stori inasimuliwa na hesabu ya fremu, hakuna maneno. Sasa baada ya pale naona kazi nyingi, hata za sisi wanafunzi, zimechukua vidoti na kukwamakwama bila kuuliza vinafanya nini pale, mhusika anakunywa chai tu fremu zinaruka, kwa nini?

Puss in Boots: The Last Wish ya 2022 imechukua mbinu hiyo kwa akili, fremu zinapungua hasa kwenye mapigano na sehemu tulivu zinabaki laini, kwa hiyo mwili wako unajua vurugu imeanza. Klaus ya 2019 kutoka Hispania nayo watu wengi wanadhani ni 3D kumbe ni michoro, mwanga na kivuli vimepakwa juu yake mpaka vinaleta unene, kazi kubwa sana, ila kwangu ule mwanga unapendeza zaidi ya unavyosimulia. Flow ya 2024 kutoka Latvia nayo usiipite, imetengenezwa kwa Blender, programu ya 3D ambayo ni bure, hakuna mtu anayeongea mwanzo mwisho, na ikachukua Oscar. Ukitazama manyoya ya paka kwa karibu ni mabapa mabapa ya rangi tu, lakini anatembea kama paka na anaogopa kama paka, na hilo ndo lilikuwa la muhimu.

Wolfwalkers ina udhaifu wake. Lord Protector ni mistari iliyonyooka mwanzo mwisho na tabia yake hivyo hivyo, haipindi popote, wakati baba yake Robyn amepewa nafasi ya kuogopa na kusitasita na ndo maana anauma zaidi. Na vita vya mwisho vinaenda mle mle unamotegemea, ukishaona nani yuko upande gani unajua kitakachofuata, michoro tu ndo inakushika usiondoke. Kwa hiyo kwenye stori naipa 7 kati ya 10. Kwenye mistari na rangi naipa 10 na sishushi.