Saizi ya pete: mkanda wa plastiki, mtungo wa chuma, uzi au simu?

Haya wadau, karibuni tena. Leo mezani nina vitu vinne, na vyote vinadai kazi moja: kukwambia kidole chako kinavaa pete saizi ngapi. Kuna huu mkanda mweupe wa plastiki unaouzwa sana mtandaoni. Kuna huu mtungo wa pete za chuma, sikiliza unavyolia. Kuna uzi na rula ya mtoto wa shule. Halafu kuna simu yenye programu ya kupimia pete.

Jibu nalitoa mapema, mwenye bando dogo asiteseke. Mtungo wa chuma ndio namba moja, na hakuna anayeukaribia. Mkanda wa plastiki unafaa, ila wengi wanautumia vibaya. Uzi ni wa dharura. Simu haifai kupima kidole kabisa, inafaa kupima pete ambayo tayari unayo. Mwenye haraka anaweza kuishia hapo. Wanaotaka kununua pete ya uchumba mwisho wa mwezi, vuteni kiti.

Kwanza tuelewane tunapima nini. Saizi za Marekani, hizi namba 6, 7, 8 ambazo maduka mengi ya mtandaoni yanatumia, zinapishana kidogo mno. Kutoka saizi moja kwenda inayofuata, kipenyo cha ndani cha pete kinaongezeka milimita 0.8 tu. Nusu saizi ni milimita 0.4. Chukua rula, tazama milimita moja ilivyo ndogo, halafu ujiulize kama jicho lako litaona chini ya nusu yake. Mzingo, yaani urefu wa kuzunguka ndani ya pete, wenyewe unaongezeka kama milimita 2.5 kwa kila saizi. Ndiyo maana anayepima mzingo ana nafasi zaidi ya kupona kuliko anayepima kipenyo. Ukikosea milimita moja kwenye kipenyo, umeruka saizi nzima na zaidi. Ukikosea milimita hiyo hiyo kwenye mzingo, hujafika hata nusu saizi.

Twende kwenye mkanda. Nausogeza kwenye kamera. Una kichwa chenye tundu, una mkia wenye namba na mistari ya nusu nusu. Unapitisha mkia kwenye tundu, unapata kitanzi, unakivaa, unavuta, unasoma namba kwenye mshale. Bei yake ni elfu chache tu, na wauzaji wengine wa pete wanakutumia bure kabla hujaagiza. Kwa bei hiyo siwezi kuulalamikia sana.

Tatizo lipo kwenye neno "unavuta". Watu wanavuta kama wanafunga gunia la mkaa, nyama ya kidole inabonyea, namba inashuka, mtu anaandika saizi 6 kumbe ni 7. Tena wanavuta kitanzi kikiwa chini kabisa ya kidole, pale pete itakapokaa. Sawa, pete itakaa pale. Lakini itapita wapi kufika pale? Si lazima ivuke kifundo? Tazameni kidole changu hiki cha pete, kifundo ni kinene kuliko shina lake. Na kama ulifanya kazi za mikono miaka mingi, au umri umesogea, tofauti inaweza kuwa kubwa kweli.

Kwa hiyo mkanda unatumika hivi. Funga kitanzi kikiwa kwenye shina la kidole, kiguse ngozi bila kubana. Halafu usisome! Kivue kwanza kama ungevua pete, bila kulegeza. Kikigoma kwenye kifundo, kilegeze kidogo, jaribu tena. Namba sahihi ni ile inayokubali kuvuka kifundo kwa ubishi kidogo wakati wa kuvua, na ukitikisa mkono ukiwa umeangalia chini, kitanzi hakichezi. Ukiutumia hivi, mkanda huu ulikubaliana na mtungo wa chuma kwenye vidole vingi nilivyojaribu, au ukapishana kwa nusu saizi.

Kasoro ya pili ni kwamba mkanda ni mwembamba, na nitaieleza tukifika kwenye upana wa pete.

Mtungo sasa. Hizi ni pete tupu, hazina nakshi, kila moja imegongwa namba yake, zimetungwa kwenye kiduara kikubwa. Huu wangu unaanza 0 mpaka 13 kwa nusu nusu, jumla pete 27. Ubora wake ni kwamba husomi wala hukadirii chochote. Unavaa. Unachojaribu ni pete, na unachoenda kununua ni pete. Inavuka au haivuki, inabana au haibani, kidole chenyewe kinajibu. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete, hawakusema saizi ngapi, basi hiki ndicho kifaa cha kumalizia maneno yao.

Huna haja ya kuununua. Sonara yeyote anayejiheshimu anao, wa Kariakoo, wa Kisutu, wa mtaani kwako. Ingia, salimia vizuri, omba upimwe. Wengi hawatoi bei kwa kupima tu, ila usiende Jumamosi saa sita wakati ana foleni ya maharusi halafu ukategemea tabasamu.

Na hapa ndipo Dar inapoingia, maana maelezo mengi ya mtandaoni yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Joto linapanua mishipa ya damu ili mwili upoe, na vidole vinavimba. Baridi inafanya kinyume chake. Sasa duka la dhahabu lina kiyoyozi. Umekaa humo, umeletewa maji ya baridi, unachagua taratibu, vidole vimesinyaa. Unapimwa, unaambiwa saizi 7, pete inaingia vizuri. Ukitoka nje, jua la Februari, jasho, unasukumana kwenye mwendokasi, pete imekuwa pingu. Ushauri wangu: ingia dukani, pimwa hapo hapo kabla ya kupoa, kisha pimwa tena kabla ya kuondoka. Zikipishana, usikimbilie kubwa wala ndogo. Jiulize unashinda wapi. Anayeshinda ofisini Posta chini ya kiyoyozi na anayeuza duka Manzese hawaishi kwenye hali ya hewa moja.

Saa nayo ina mchango wake. Asubuhi ukiamka, kidole kinaweza kuwa kimevimba kwa kulala au kwa chumvi ya jana, ukimaliza mazoezi kimevimba pia. Mimi napenda jioni, mtu ametulia, hajatoka kukimbia wala kula mishkaki yenye chumvi ya kutosha. Wajawazito, kama inawezekana, subirini. Na kama unaishi Dar lakini harusi ni Njombe mwezi wa saba, usishangae pete iliyokaa vizuri Mbagala ikaanza kuzunguka kidoleni kanisani. Haijakosewa hiyo, ni baridi tu. Ila ukienda baharini Kigamboni, ivue, maji ya baridi na mafuta ya kujipaka vikikutana hakuna saizi itakayokuokoa.

Jambo jingine dogo: pima kidole chenyewe cha mkono wenyewe. Mkono unaoutumia zaidi huwa na vidole vinene kidogo. Kupima kulia halafu ukavaa kushoto ni kubahatisha.

Uzi na rula sitakaa sana. Uzi unavutika, fundo linakula milimita, na unapoukunjua kwenye rula unateleza. Kama huna namna, tumia ukanda mwembamba wa karatasi badala ya uzi, zungusha, weka alama ya kalamu pale unapokutana, pima milimita. Ukipata karibu 52 ni saizi 6, 54.4 ni saizi 7, karibu 57 ni saizi 8. Na kumbuka umepima shina la kidole, kifundo bado kinakusubiri.

Simu. Programu hizi zinachora duara kwenye kioo, unaweka pete yako juu, unakuza duara mpaka lijaze ndani ya pete. Kwa pete ambayo unayo, si mbaya. Masharti mawili. La kwanza, hakikisha programu inajua ukubwa halisi wa kioo chako. Nzuri zinakuomba uweke kadi ya benki kioo kipimwe, kwa sababu kadi hizo zina kipimo kimoja dunia nzima, urefu milimita 85.6. Isiyokuomba kitu kama hicho, ifute. Kadi hiyo hiyo itakusaidia pia kama umechapisha chati ya saizi kwenye karatasi stesheneri. Printa zina tabia ya kupunguza ukurasa ili utoshe, na chati iliyopunguzwa inadanganya kila mtu kwa usawa. La pili, tazama kutoka juu moja kwa moja. Ukitazama kwa pembeni, unene wa pete unakuficha ukingo wa ndani.

Kuhusu programu zinazodai kupima kidole kwa kamera, hapana. Kamera ingehitaji kujua umbali na umbo la kidole pande zote, na sisi tunatafuta tofauti ya milimita 0.4.

Sasa makaka wenye siri. Najua mpo. Unataka kumshtukiza mtu na pete na humwulizi saizi. Chukua pete anayovaa, hakikisha unajua anaivaa kidole gani, maana pete ya kidole cha kati haitakwambia lolote la uhakika. Kunja karatasi iwe bomba jembamba, iingize ndani ya pete, iachie ifunguke mpaka ijae, bandika selotepu, chomoa. Mzingo wa bomba hilo ndio mzingo wa ndani wa pete. Kazi ya dakika moja akiwa anaoga, na pete inarudi mahali pake.

Nilisema nitarudi kwenye upana. Pete nyembamba ya milimita 2 na pete pana ya milimita 8, zote saizi 7, hazivaliki sawa. Pana inashika nyama nyingi zaidi na haina pa kukwepea, kwa hiyo inabana. Kwa pete za kuanzia milimita 6 hivi kwenda juu, wengi wanahitaji kuongeza robo mpaka nusu saizi. Mkanda wa plastiki hauwezi kukuonyesha hilo. Hata mtungo huu wangu ni mwembamba. Mtungo mpana upo, muulize sonara.

Na kwa nini nasisitiza hivi? Kwa sababu si kila pete inarekebishika. Dhahabu na fedha, fundi anakata, anaongeza kipande au anapunguza, anachomelea, anang'arisha. Kwa hiyo hata kaka zetu Waislamu wanaovaa fedha badala ya dhahabu wako salama. Lakini hizi pete nyeusi za tangsteni wanaume wanazoagiza kwa ajili ya ndoa hazipanuliwi wala hazipunguzwi. Ni ngumu lakini zinapasuka, hata hospitalini kidole kikivimba haikatwi kwa msumeno, inabanwa kwa koleo mpaka ivunjike. Ukikosea saizi ya hiyo, unanunua nyingine. Pete zenye vito kuzunguka pande zote nazo ni kesi ngumu, fundi hana mahali pa kukata.

Kama pete yako ina tanzanaiti, mwambie fundi atoe jiwe kabla ya kuwasha moto. Jiwe letu hili la Mererani ni zuri lakini si gumu kama almasi, na joto la ghafla linaweza kulipasua. Fundi mzuri atafanya hivyo bila kuambiwa. Wewe mwambie tu.

La mwisho ni namna ya kuagiza, maana unaweza kupima vizuri kisha ukaharibu kwenye ujumbe. Namba 7 ya Marekani ni kama 14 ya Japani, Uingereza wanatumia herufi na inaangukia kati ya N na O, na kwenye mfumo wa kimataifa unaoandika mzingo kwa milimita ni kama 54. Kwa hiyo usimwandikie muuzaji "saizi 7" ukanyamaza. Andika hivi: saizi 7 ya Marekani, mzingo wa ndani milimita 54.4, pete upana milimita 4. Akikujibu "saba inatosha dada", muulize ni saba ya nchi gani. Akishindwa kujibu, usitume hela.