SARSAI ya Amend: matuta kwanza, mabango baadaye

Kamati ya shule ikipata fedha za usalama barabarani, nyingi huishia kwenye mabango, semina na vizibao vya reflekta. SARSAI, mpango wa shirika la Amend uliopimwa Dar es Salaam, unaanzia kwenye barabara yenyewe. Kwa hilo tunaupa nyota 4 kati ya 5. Nyota ya tano tumeishikilia kwa sababu ya matengenezo.

Kazi yao ni kukagua barabara zinazozunguka shule, kisha kuzirekebisha: njia ya miguu, matuta, kivuko cha zebra, nguzo fupi za kuzuia magari, alama za shule, na pengine geti jipya upande wa mtaa wenye magari machache. Somo la darasani linafuata baada ya hapo. Mwaka 2019 mpango huu ulishinda tuzo ya majiji ya WRI Ross Center, kituo cha utafiti wa miji, dola 250,000. Kwa mzazi, kikubwa kuliko tuzo ni utafiti uliofanyika Dar es Salaam kulinganisha shule zilizoboreshwa na ambazo hazijaguswa: majeraha ya ajali za barabarani kwa wanafunzi yalipungua kwa asilimia 26.

Ukaguzi wake shule yoyote inaweza kuuiga. Wanafunzi huulizwa nani amegongwa, wapi na akienda wapi, halafu sehemu hizo huwekwa kwenye ramani. Usitegemee rekodi za polisi peke yake, maana mtoto aliyegongwa na bodaboda akachubuka na kupelekwa duka la dawa hayumo humo. Baada ya ramani, simama getini tangu saa 12 asubuhi, na urudi mchana kama shule ina zamu mbili, kwa kuwa wakati wa kupokezana zamu watoto wanaotoka hukutana barabarani na wanaoingia. Kasi pia inapimika bila tochi ya trafiki. Pima mita 50 kwa futi kamba, weka alama mbili, shika saa. Gari linalozimaliza kwa sekunde 6 linakwenda kilomita 30 kwa saa. Likizimaliza kwa sekunde 3.6, liko kwenye 50, na dereva akichelewa sekunde moja tu kushtuka, ameshatembea karibu mita 14 kabla mguu haujagusa breki. Andika magari 100. Ukimwendea mhandisi na karatasi hiyo, mazungumzo yanabadilika.

Kwenye matuta ndipo kifurushi hiki kinapobeba thamani yake. Tuta zuri la mviringo lina urefu wa karibu mita 3.7 kwa upande gari linakopita, na kimo cha sentimita 10. Kwa umbo hilo gari dogo hupita kwa mwendo wa kilomita 30 hivi bila kuumia, na dereva hana sababu ya kulikwepa. Mafundi wa mtaani hujenga kinyume: fupi, refu kwenda juu, limechongoka. Matokeo yake magari hushuka pembeni ya lami kulizunguka, na pembeni ndiko watoto waliko. Kwa hiyo tuta lifike ukingo hadi ukingo, na ncha zake zizibwe kwa nguzo. Kabla ya kumwaga lami, angalia maji yanakwenda wapi. Tuta lililoziba mtaro hutengeneza dimbwi, na mvua za masika zikianza watoto wanalikwepa kwa kutembea katikati ya barabara.

Bora zaidi ni kivuko kilichoinuliwa, yaani tuta lenye mgongo bapa ambapo zebra imechorwa juu yake. Mtoto wa darasa la kwanza anavuka akiwa ameinuliwa kidogo, gari limeshapunguza kabla ya kumfikia, na hakuna haja ya kumwomba dereva huruma. Zebra tupu kwenye barabara ya kasi hatuipendekezi kabisa. Inampa mtoto uhakika ambao dereva hana habari nao. Kituo cha daladala nacho kiwe mbele ya kivuko, ili basi likisimama liwe limeshapita zebra. Kikiwa nyuma yake, basi linaziba macho pande zote mbili: mtoto anachomoza kwenye bampa, na bajaji inayolipita basi haijui kama kuna mtu.

Njia ya miguu iwe na upana wa mita 1.5 angalau, maana watoto hutembea wawili wawili wakishikana mikono. Nguzo fupi zikitenganishwa kwa mita 1.2 zinazuia magari na kuruhusu kiti cha magurudumu. Bodaboda hazizuii, na anayeahidi kwamba zitazuia anadanganya. Hilo linataka makubaliano na kijiwe cha bodaboda cha hapo hapo, na askari wa kuonekana siku za mwanzo.

Sasa matengenezo. Rangi ya kawaida hufutika haraka kwenye lami yenye vumbi, hasa pale matairi yanapofunga breki. Dai rangi ya kuyeyushwa kwa moto yenye vishanga vya kioo. Bei yake iko juu, lakini inadumu na inang'aa kwenye taa alfajiri, saa ambayo watoto wengi wako njiani. Vibao vya chuma huibwa na kuuzwa kama vyuma chakavu. Dawa yake ni kuchomelea kipande cha nondo chini ya mlingoti na kuuzika kwenye zege, au kuchora alama kwenye nguzo ya zege. Na barabara ikiwekwa lami upya, tuta hufunikwa likabaki mwinuko usiomshtua mtu. Kazi yote ya awali inapotea kwa siku moja, na mara nyingi hakuna mwenye jukumu la kulirudisha.

Ndiyo maana kabla ya kupokea mradi kama huu, uongozi wa shule ujue kwanza barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa; za wilaya na mitaa ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Omba barua inayotaja nani atapaka rangi upya, lini, na kwa bajeti ipi, na iwepo kabla lori la kwanza la kokoto halijashusha. Mwalimu mmoja apewe daftari: kila mwanzo wa muhula apime kimo cha tuta kwa rula na ubao ulionyooka, ahesabu nguzo, apige picha ya zebra kutoka sehemu ile ile. Tuta likishuka chini ya sentimita 7, barua ya pili iende na picha hizo.